Karatasi ya Bibi Mwanaasha

Yazid ndiye aliyenishtaki baraza la kata akitaka kiwanja changu cha Kunduchi, na Yazid huyo huyo ndiye aliyenishika mkono asubuhi ile nipande ngazi. Kijana ana adabu, tamaa tu ilimpitia.

Nilikwenda na karatasi moja. Mzee Sultan, baba wa babu yake Yazid, aliandika humo kwamba amemwacha huru mtumwa wake Mwanaasha, bibi yangu mzaa baba, na kiwanja kile amempa.

“Shahidi mmoja!” Yazid akasema. “Walitakiwa wawili. Uhuru haukutimia, na mtumwa hamiliki kiwanja. Kwa hiyo ni chetu.”

Mwenyekiti Revelian, mtu wa Bukoba, akavua miwani. “Huyo Mwanaasha alikuwa nani pale nyumbani?”

“Suria wa mzee tu. Alimzalia mtoto mmoja, ndiye baba yake huyu bibi.”

Nikainamisha kichwa. Kwetu neno hilo halikutamkwa. Baba alikufa nalo moyoni.

Bi Wahiba, shangazi yake Yazid aliyekuja kumtolea ushahidi, akajipiga paja. “We mtoto, chuo cha Kurani ulikwenda kufanya nini? Suria aliyemzalia bwana wake, bwana akifa yeye huru, karatasi iwepo isiwepo. Na mtoto wake anarithi sawa na babu yako!”

“Anarithi nini?” akauliza Revelian.

“Kila kitu. Mpaka lile duka la mzee la Kariakoo analokalia Yazid.”

Yazid akaivuta karatasi, akaisoma upya, taratibu.

“Mwenyekiti, mie naona hati haina kasoro. Mwandiko wa mzee mwenyewe huu! Kiwanja chake bibi, yaishe hapo hapo.”

Watu walicheka. Mie nilicheka mpaka ushungi ukanidondoka. Bi Wahiba akauokota, akanifunika kwa mkono wake.

“Duka silitaki, mwanangu,” nikamwambia Yazid. “Nyumba yangu pale kiwanjani inanitosha.”

Revelian akaandika hivyo, tukatia sahihi.

“Bado,” Bi Wahiba akamwambia Yazid. “Baba yake huyu na babu yako baba mmoja. Unamwitaje?”

Yazid akakuna kichwa. “Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, baba,” nikaitikia. “Ijumaa uje, nitapika pilau.”