Boksi la Doreen

Mzee Orville alifunua boksi la mayai pale pale kwenye meza ya Doreen sokoni, maana alishawahi kuuziwa yenye ufa, akabaki ameduwaa. Ndani hamkuwa na mayai ya kuku. Yalikuwa makubwa, ganda la kijani kilichofifia.

"Doreen, mama, kuku wako wanalala na nani siku hizi?"

Foleni nzima ikacheka. Doreen Hatlestad, mfugaji wa kuku kwa miaka ishirini na mitatu, alihisi uso ukimchoma mpaka masikioni.

Sisi wateja wa Jumamosi tulimjua kwa mdomo wake. Ng'ambo ya njia, Lavonne Pruitt aliuza mayai ya bata, na hakuna aliyepita bila Doreen kumwambia, "Yale? Yananuka tope. Walisheni nguruwe." Lavonne alikuwa anasikia kila neno.

Kisha, tangu Februari, mayai ya kuku yakaanza kumkataa. Akila moja tu, tumbo linavimba, anatapika mpaka machozi. Daktari akamwambia ayaache kabisa, ajaribu ya bata, kidogo kidogo. Jamani, mfugaji wa kuku! Akamtuma mumewe, Verlyn, kwa Lavonne: "Mwambie ni ya mbwa." Akakaanga moja kwa siagi, akala kipande na mkate, akakaa na ndoo miguuni akisubiri. Saa ikapita, tumbo kimya. Alilia, furaha na hasira pamoja. Tangu hapo akawa anayaficha kwenye maboksi yake mwenyewe, wanawake wa kanisani wasiyaone kwenye friji. Leo asubuhi, kwa haraka zake, alipakia garini boksi la siri pamoja na ya kuuza.

"Haya, sema basi!" Orville akamchokoza.

Doreen akalifunika boksi. Na Lavonne tayari alikuwa anavuka njia, anajifuta mikono kwenye aproni.

"Hayo yangu, mzee," alisema. "Nilimwomba aniwekee kwenye friji yake."

Akalichukua boksi, na alipoinama akamnong'oneza Doreen, "Mbwa wenu si alikufa Pasaka, shoga?"

Akarudi kwenye meza yake bila kugeuka.

Doreen akampa Orville boksi jingine. Angetukanwa angejua la kujibu, lakini kusitiriwa, na mtu ambaye yeye mwenyewe alimdhihaki miaka yote ile, kulimwaibisha mpaka akatamani ardhi immeze. Alimhudumia mteja wa pili, wa tatu. Wa nne akamshinda.

"Nisubiri kidogo, mwanangu."

Alivua aproni yake yenye picha ya jogoo, akavuka njia, akapanga foleni nyuma ya watu watatu. Wateja wake wote wakageuka kutazama.

"We Doreen!" Orville alipaza sauti. "Unakwenda kununua tope?"

"Ndiyo!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Ya kula mimi. Ya kuku yananidhuru. Na haya nilikuwa sijawahi hata kuyaonja, siku zote nilizoyasema vibaya."

Safari hii hakuna aliyecheka. Zamu yake ilipofika, aliangalia chini, kwenye viatu vyake. Lavonne alilivuta boksi lile lile, lenye jina la Doreen kwenye kifuniko, akayageuza mayai moja moja mkononi. Moja lilikuwa na ufa. Akalitoa, akaweka zima.