Pale Umemwachia Nani

Kila asubuhi alipokuwa nyumbani, kabla ya chai, Asia alifagia uwanja wa kwao kule Ziwani, akianzia mlangoni na kumalizia kwenye mkorosho mkubwa. Asubuhi ya arobaini ya mama yake alikuwa ndiyo kwanza amemaliza, anakung'uta fagio, aliposikia kikohozi kikavu nyuma yake, na sauti anayoijua kuliko sauti yake mwenyewe.

"Na pale umemwachia nani?"

Fagio likamtoka. Akageuka polepole. Pembeni mwa ua alisimama mama yake: kanga ya bluu yenye alama ya pasi iliyoungua, ndala mguu mmoja nyekundu mwingine kijani, jembe begani, kiuno kimevutika kushoto. Kidevu kilielekezwa chini ya mkorosho, kwenye majani makavu yaliyoachwa.

"Shikamoo," Asia akajikuta amesema.

"Marahaba. Umekonda. Huko unakofundisha hawapiki?"

Hapo ndipo alipoyaona meno. Mama yake, Bi Somoe, alizikwa na meno yake yote, na alijivunia hayo kuliko mashamba. Huyu alikuwa na mapengo mpaka kooni. Alikuwa Bi Salma, jirani, Myao, mtani wao. Na mtani msibani haulizwi. Mtu akifa, yeye ndiye huvaa nguo zake, akatembea mwendo wake na kusema maneno yake, mpaka wafiwa wacheke wapende wasipende. Bi Salma tena hakuwa mtani wa kubahatisha. Yeye na Bi Somoe walitukanana juu ya ua tangu walipoolewa kijijini hapo, na siku ambayo mmoja hakutukanwa alituma mtu kuuliza kama mwenzake anaumwa.

"Umenishtua, Bi Salma."

"Salma ndiyo nani? Yule mchawi wa jirani? Usinitajie uchafu asubuhi asubuhi."

Asia alitaka kucheka, kicheko kikakwama. Tangu msiba hakuwa amelia vizuri wala kusema. Watu walimsifu kwa haya zake, naye haya hizo zilikuwa zinamkaba. Alitaka kitu kimoja tu: kabla hajarudi shuleni kwake, aseme neno moja kumhusu mama yake mbele za watu. Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe, na ikipita, msiba umefungwa na mdomo wake nao umefungwa.

Akaokota fagio, akaliegemeza ukutani. Majani hakuyafagia.

Bi Somoe alikufa kwa presha, mchana, juu ya mkeka barazani. Neno lake la mwisho lilikuwa amri: makopa ya muhogo yaanuliwe, mvua inakuja. Wakatazama juu, hakuna wingu, wakayaacha juani. Jioni, watu wakirudi kutoka makaburini, mvua ikashuka na makopa yote yakalowa. Alikufa akiwa amesema kweli, jambo ambalo angelifurahia mno.

Baada ya dua ya arobaini, kaka mkubwa Rajabu, aliyekuja kutoka mjini, Rahaleo, na koti lake zito, alisimama kusoma historia ya marehemu.

"Mama yetu alikuwa mwanamke mpole, mnyamavu..."

"Nani?" akauliza Bi Salma. Alikuwa amekaa kando ya sufuria la pilau, bado ndani ya kanga ile, mwiko mapajani. "Wanangu, mmemzika nani nyie? Mbona mimi sijawahi kunyamaza?"

Wanawake wakajifunika midomo kwa mitandio. Rajabu akakohoa.

"Baba yetu alipokwenda Msumbiji kibiashara, mama alimsubiri kwa uvumilivu..."

"Biashara gani inayovaa shanga kiunoni?" Bi Salma akainuka. "Nilivuka mto wa mpakani pale Kilambo na mimba ya huyu Asia, jua la utosini. Nikamkuta baba yenu anamenyewa machungwa na bibi mmoja, kama mgonjwa. Nikamrudisha. Na jogoo wa yule bibi nikamchukua, nauli yangu."

Watu wote wakamgeukia Mzee Jafari, mume wa marehemu, aliyeegemea ukuta na kuchunguza vidole vya miguu yake.

"Jogoo ni kweli," alisema.

Uwanja mzima ukaangua kicheko, hata shehe akainamia tasbihi yake, mabega yakimtikisika. Rajabu akakunja karatasi.

"Bi Salma, watu wana njaa. Toa mwiko."

"Mwiko ninao. Pilau itapakuliwa mtoto wangu mmoja akinisema ukweli. Wewe umeshashindwa." Akaunyoosha mwiko kwa Asia. "Huyu hapa."

Asia akatazama chini. Harufu ya pilau ilianza kubadilika.

"Asia, mwanetu, sema chochote," sauti ya mwanamume ikasihi kutoka upande wa pili. "Ukoko unashika."

Bi Salma akauacha umati, akaenda kwa ule mwendo wa kiuno kilichovutika mpaka chini ya mkorosho. Akayasukuma majani kwa ndala nyekundu.

"Tangu mdogo huyu anafagia uwanja mzima, akifika hapa anaacha. Kila siku, palepale. Alidhani sijui." Alisema taratibu, bado kwa sauti ya Bi Somoe. "Nilimwambia yule mchawi Salma: mwanangu hana maneno, anaacha majani ili nimwite. Basi nikawa namwita. Hata siku mgongo unakataa, nilitoka nje nimwite."

Hapo sauti ikamponyoka, ikawa ya Bi Salma mwenyewe, kikongwe aliyebaki bila mtu wa kumtukana. Akairudisha kanga begani, akashika kiuno.

"Haya, binti. Na pale umemwachia nani?"

Asia akainua uso. Watu walikuwa wengi, na wote wanamtazama, na kwa mara ya kwanza hakuwaona.

"Wewe, mama," alisema, kwa sauti iliyofika mpaka kwa wanaume upande wa pili. "Nimekuachia wewe."