Wake Watatu wa Mrusha Visu

Muriel Scaife alianza kumsaka babu wa mama yake kwa kujifurahisha tu. Alikuwa mwalimu wa hesabu aliyeacha kazi kwa maradhi ya mgongo, na ukutani kwa mama yake, pale Hull, lilining'inia tangazo la maonyesho la enzi za Malkia Viktoria: mwanamume mwenye masharubu yaliyopakwa nta na koti la hariri ya njano, Bwana Zamorelli wa Napoli, Mfalme wa Visu.

Sensa ilimvua Utaliano mara moja. Jina lake halisi lilikuwa Jabez Thurlow, mtoto wa muuza nguruwe wa Norfolk. Edna, mama yake Muriel, alicheka hadi akatoa machozi.

Kisha wakaja wake.

Mwaka 1861, Jabez alihesabiwa ndani ya gari la farasi la kulala kwenye uwanja wa maonyesho Nottingham. Mke, Lavinia, miaka ishirini na mitatu. Kazi: msaidizi wa mrusha visu. Mwaka 1871, Leeds: mke, Sabina, miaka ishirini na miwili, kazi ile ile. Mwaka 1881, Hull: mke, Rhoda, ishirini na minne. Chini ya Rhoda palikuwa na mstari mmoja zaidi: Keziah, binti, miaka tisa, msaidizi.

Keziah ndiye aliyemzaa Edna.

"Umeona nini, bibie?" aliuliza Pocklington, mtunza kumbukumbu.

"Hebu angalia umri wa hawa wanawake. Yeye anazeeka, wao hawazeeki."

Pocklington aliyaandika majina yao pembeni. Baada ya siku nne alimletea nakala za uchunguzi wa vifo. Lavinia, kisu shingoni. Sabina, kisu shingoni. Rhoda vilevile, Machi 1882. Miji mitatu, na kila mji uliandika kwamba mkono uliteleza, ni ajali ya kazini. Hakuna mji uliopata habari za mwingine.

Rhoda alipozikwa, ndani ya lile gari walibaki watu wawili tu, baba na binti.

Muriel alimkuta mama yake akimenya viazi.

"Mama, Bibi Keziah aliwahi kukusimulia habari za baba yake?"

"Umefika wapi?"

"Sensa ya themanini na moja. Ana miaka tisa, na kazi yake wameandika msaidizi."

Edna aliweka kisu chini. "Mama alikuwa na kovu hapa, chini ya sikio. Nikamwuliza, baba yako alikosea? Akaniambia, Edna, baba hakuwahi kukosa shabaha."

Maji ya viazi yalichemka, hakuna aliyeyajali.

"Naogopa kufungua sensa ya tisini na moja," Muriel alisema.

"Mimi si nilizaliwa? Sasa unaogopa nini?"

"Naogopa aliyoyapitia."

Kesho yake alifungua. Keziah Thurlow, kumi na tisa, mtumishi wa jikoni katika nyumba moja ya Whitby. Jabez naye alikuwa Hull, katika nyumba ya maskini. Katika safu ya mwisho, ile ya ulemavu, karani alikuwa ameandika: kipofu tangu 1882.

Edna aliposomewa hilo, pamoja na habari za wale wake watatu, alitikisa kichwa taratibu.

"Kabla ya kila onyesho mama alimwosha baba yake macho kwa maji ya uvuguvugu, kuondoa moshi wa taa. Siku moja akaambiwa gauni la jukwaani, sasa naona lilikuwa la Rhoda, likunjwe pindo, avae yeye. Jioni ile akatia magadi makali yanayounguza kwenye maji."

"Na ulijua siku zote, mama?"

"Magadi niliyajua. Nikadhani alikuwa mtoto mwenye hasira. Hao wanawake hakunitajia hata siku moja." Alifuta mikono kwenye aproni. "Huyo wa Leeds ndiye bibi yangu?"

"Ndiye. Sabina."

"Sabina," Edna alirudia polepole, kama anayeonja kitu.

Muriel aliuliza kama Keziah aliwahi kurudi kumtazama yule mzee.

"Kila Krismasi, mpaka mzee alipokufa. Mara ya mwisho alinichukua, nilikuwa mdogo. Alisimama mlangoni kwa wale maskini, hakumsalimia, hakusema neno. Mzee akageuza kichwa upande wetu, akawa kama ananusa hewa. Mama akanibana mkono mpaka ukauma."

"Sasa alikuwa akienda kufanya nini?"

"Kuhakikisha kwamba bado yumo."