Karatasi ya Mkono Mzito

Baba yangu, Mzee Masele, hawezi kuandika bila mistari, na karatasi yenyewe lazima iwe nene. Alijifunza kusoma na kuandika akiwa tayari ana mke na ng'ombe, kwenye darasa la watu wazima kule Usagara, na mpaka leo anakandamiza kalamu kama mtu anayechimba. Karatasi nyepesi anaitoboa. Isiyo na mistari, maneno yake yanapanda mlima mpaka yanatoka nje ya ukurasa.

Mimi natengeneza madaftari kwa mikono, nyumbani kwangu Pasiansi. Jalada ni ngozi ya sangara, ndani karatasi nyeupe tupu, maana wateja wangu ndivyo wanavyopenda. Miaka yote baba alikuwa akiniuliza ni lini nitaacha mchezo nitafute kazi. Kisha madaktari wakasema uvimbe wa kooni umefika pabaya, na kwamba siku ya Ijumaa watampasua na kuondoa sehemu inayotoa sauti. Baba hakumgeukia kaka yangu wala mama. Alinigeukia mimi.

"Mayu," alisema, "nishonee daftari la kuongelea."

Mayu ni mama kwa Kisukuma. Ananiita hivyo kwa sababu nimerithi jina la mama yake, Sabina. Nilikubali hata kabla hajafunga mdomo.

Najua mnachotaka kusema: si ungenunua kauntabuku, yaishe? Nilinunua. Nilinunua kila aina niliyoiona mjini Mwanza, nikakaa kwenye ngazi za maduka nikikandamiza kalamu kama baba, na zote zilitoboka. Ilikuwa Januari, shule zinafunguliwa, wenye maduka hawana muda na mtu. Mmoja aliniuliza kama naandika au nagombana na daftari. Nilimjibu vibaya. Siku hizo nilimjibu kila mtu vibaya, kwa sababu mimi nikiogopa nakuwa mkali, na nilikuwa naogopa tangu naamka mpaka nalala.

Dada mmoja wa duka la vifaa vya ofisi ndiye aliyenihurumia. Alisema Sengerema kuna Mzee Nestory, aliyekuwa akitengeneza vitabu vya ubatizo vya parokia, na huenda amebakiza karatasi. Jumatano asubuhi nikavuka ziwa kwa kivuko cha Kamanga, nimebeba mfuko wangu wa kazi wenye sindano, uzi, kisu na jalada nililokwisha kukata, ili nipime kila kitu palepale.

Mzee Nestory hakuwa na haraka na dunia. Shikamoo, marahaba, habari za Mwanza, mvua huko zinaendeleaje, kaa kwanza unywe chai. Nilikaa kwenye ncha ya kiti, nikaimeza chai ikiwa moto. Hatimaye akafungua kabati na kutoa karatasi kubwa, nene, zilizoanza kuwa njano pembeni, zimepigwa mistari ya bluu kwa urefu wake wote. Nilikandamiza kalamu. Nikakandamiza tena, kwa nguvu zaidi. Haikutoboka. Nilianza kulia mbele ya mzee wa watu, naye akaniuliza taratibu kama kuna msiba.

Nilikuwa nimerudi Kamanga, nasubiri kivuko, simu ikaita. Alikuwa mama. Nafasi imepatikana, alisema, daktari hangoji Ijumaa, wanampasua baba leo hii. Nilimwambia awaambie wanisubiri, kana kwamba hospitali ni ya ukoo wetu. Kivuko kilikuwa bado ng'ambo. Kilipofika, magari yakaanza kushuka moja moja, na mimi nikasimama pale nimekumbatia karatasi, nikiwachukia madereva wote.

Tulikuwa katikati ya maji simu ilipoita tena.

"Mayu," ilisema sauti ya baba, inakwaruza lakini ni yake. "Mayu, nilitaka..."

Halafu ngurumo ya injini, halafu kimya. Nilipiga, haipatikani. Nilipiga tena na tena, nikazunguka kivuko kizima nikiinua simu juu, watu wakinipisha njia. Haikupatikana.

Nilipofika hospitali nilimkuta mama kwenye benchi la korido, ameshika rozari. Baba alikuwa ameshaingizwa.

"Afadhali mmeongea," mama aliniambia. "Alichukua simu yangu akaenda dirishani, akatugeuzia mgongo. Amekuongelesha weee, mpaka nesi akaja kumchukua."

Baba alikuwa ameongea na simu iliyokatika. Sauti yake ya mwisho ameimalizia dirishani, na hakuna aliyeisikia.

"Ndiyo, tumeongea," nilimwambia mama.

Sikujua mikono niipeleke wapi, nikafungua mfuko. Nikazikunja karatasi mara mbili kama ninavyokunja siku zote, nikachana mikunjo kwa kisu, nikatoboa, nikashona. Mama alisali, mimi nikashona, na mlango haukufunguka. Daftari lilimalizika kabla ya daktari kutoka kutuambia kwamba yuko hai.

Kesho yake mchana waliniruhusu kuingia. Baba alikuwa ameinuliwa kwa mito, ana mpira wa kupumulia shingoni. Nikamwekea daftari mapajani. Akalipapasa jalada, akafungua, akatazama, kisha akanitazama mimi kwa yale macho yake ya siku zote. Ndipo nikaona. Mistari ilikuwa imesimama wima, kutoka juu hadi chini, kurasa zote. Karatasi tupu ukiikunja mara mbili haina shida. Yenye mistari, mkunjo wa pili unaisimamisha hiyo mistari. Najua hilo vizuri kabisa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Baba akaligeuza daftari ubavu, mshono ukawa juu, mistari ikalala. Akachukua kalamu na kukandamiza herufi moja moja.

"Ulinisikia?"

Ningeweza kumdanganya kama nilivyomdanganya mama. Nilitikisa kichwa.

"Simu ilikatika, baba. Nilisikia mayu, basi."

Alifumba macho. Nilidhani amechoka, nikataka kuondoka, lakini alinivuta mkono akauweka juu ya daftari ili nilishike lisiteleze. Kisha akaandika, akipumzika kila baada ya maneno machache.

"Nilisema usikimbie. Nilisema kama karatasi hakuna, rudi tu. Nilisema kazi yako ni kazi, nilikuwa naona aibu kukwambia."

Nilidhani amemaliza. Akagonga mstari mmoja kwa ncha ya kalamu, akaongeza chini yake:

"Lakini hapa umekosea."

Nilicheka, nikalia, sikujua kipi kilianza. Aliposinzia nilichukua daftari nikaupapasa ukurasa kwa nyuma. Herufi zake zilikuwa zimevimba zote, naweza kuzifuata kwa kidole mpaka ile ya mwisho. Karatasi haikutoboka.