Sauti ya Kufukuzia Nyani

Mwanamvua alijiunga na kikundi cha kaswida cha akina mama wa Nkowe akijua jambo moja tu, kupaza sauti. Tangu utotoni alikuwa akilinda mahindi ya baba yake, na nyani wa kule walimheshimu.

Siku ya kwanza ya mazoezi alifungua kinywa, na wenzake wote wakanyamaza.

"Mwanangu," alisema Bi Hafidha, kiongozi wao, "hapa hakuna nyani. Msikilize Tunu hapo kulia kwako. Ukiona humsikii, ujue umezidisha. Akivuta pumzi yeye, wewe endelea, ili kaswida isikatike. Na tukiyumba, tunaanza kushoto."

Mwanamvua alinuna, lakini akajifunza. Alijibana koo hadi akajiona kama kuku mwenye mafua. Mara nyingine alianza kuyumba kulia, akamkumba Tunu, wenzake wakaangua kicheko, naye akacheka shingo upande.

Siku ya Maulidi walialikwa Likunja, na uwanja ukafurika. Ubeti wa kwanza haujaisha, jenereta likazimika, vipaza sauti navyo vikafa. Watu wa nyuma wakaanza kupiga soga. Akina mama waliendelea kuyumba vizuri, kushoto, kulia, lakini nani angewasikia?

Bi Hafidha hakubabaika. Alirudi nyuma polepole huku akiyumba, hadi akamfikia Mwanamvua, akamnong'oneza:

"Mwanangu, nyani wameingia shambani."