Kafuri Nyumbani kwa Aliye Hai

Msinicheke. Mtaa mzima wa Kaloleni ulikuja kwangu kuzika, na huyo marehemu wao alikuwa kitandani amesinzia.

Mume wangu Abdulrahman alikuwa na ugonjwa wa kifua mwaka ule wa tisini na moja. Kilimbana mpaka akawa analala ameketi. Hospitali tulikwenda, dawa alimeza, lakini kilichokuwa kinammaliza si kifua peke yake. Alikuwa anamngoja kaka yake, Abeid. Mlango ukilia tu anauliza, "Ni kaka?" Si kaka. Ni mimi na uji.

Shemeji Abeid anakaa papo hapo Kaloleni, nyuma ya msikiti. Lakini tangu ndugu yake anioe mimi, Mjaluo wa Seme niliyezaliwa Dorca, alikuwa hajakanyaga kwetu. Nilisilimu nikaitwa Habiba, nikaswali, nikafunga, nikazaa. Wapi! Tukikutana sokoni Kibuye anageuka kupapasa mitumba asiyotaka kununua. Niliona haya kila nilipomtazama mgonjwa wangu, maana hamu ile ilikuwa inamla, na sababu ni mimi.

Sasa, binti yetu Safia alikuwa anafanya kazi kwenye maabara ya chuo, kwa watu wanaochunguza majani ya porini yenye harufu. Wanayachuma huko kwetu juu ya Kombewa, wanayapitishia mvuke mpaka yatoe mafuta, halafu mafuta wanayatia kwenye mashine inayochora vilima vilima kwenye karatasi. Kila kilima ni kitu chake. Siku hiyo akarudi mapema na kichupa cha mafuta ya kivumbasha mwitu.

"Mama, haya zaidi ya nusu ni kafuri," akasema. "Mengine ni sineoli, ile ya mkaratusi. Matone machache kwenye maji ya moto, Baba avute mvuke. Kifua kitafunguka."

Kafuri alisema, na mimi nilisikia. Lakini kwake kafuri ni kilima kirefu kwenye karatasi, na pua yake hushinda kwenye harufu hiyo kutwa mpaka haiisikii tena. Mimi nami nilikuwa na mafua, na majani yale nayajua tangu utotoni, tulikuwa tunayachoma kufukuza mbu. Hakuna kati yetu aliyefikiria mtaa.

Nikamwekea mzee beseni, nikamfunika shuka nyeupe, na chumba kilipokuwa tanuri nikafungua dirisha. Akavuta, akavuta. Na kifua kikafunguka kweli! Akajilaza chali, jambo ambalo alikuwa halijui tena, akajivutia shuka usoni, usingizi ukamchukua.

Watu walikuwa wanatoka kuswali alasiri. Na kwetu Waislamu kafuri haitiwi kwenye chai, ni ya maji ya kumwoshea maiti. Ukiisikia inatoka dirishani kwa mgonjwa, utauliza nini tena?

Jirani wa kwanza aliingia analia. Nikadhani amefiwa, nikamwambia pole. Yawa, mimi ndiye nikampa pole! Kutoka barazani naona majamvi yanatandikwa, wanaume wanaleta jeneza la msikiti. Nikataka kuwaambia. Nianzie wapi? Mara Shemeji Abeid akafika, kofia mkononi, akavua viatu, akanipita mlangoni kama upepo.

Alipoiona ile shuka nyeupe, akapiga magoti kando ya kitanda. "Abdu, ndugu yangu, nisamehe. Kiburi tu. Mkeo hajanikosea kitu. Kila siku nilisema kesho nitakwenda, kesho nitakwenda. Nisamehe, Abdu."

Watu wamejaa mlangoni, wanawake wanapangusa machozi. Uso wangu ulikuwa unawaka. Maneno hayo niliyangoja tangu niolewe, na sasa nayapata kwa wizi.

Shuka ikakohoa.

Abdulrahman akajifunua, jasho linamtiririka, anacheka huku analia. "Nimekusamehe, kaka. Zamani sana."

Ungeuona uso wa shemeji! Akamtazama ndugu yake, akatazama beseni, akawatazama watu. Mtu mmoja huko nje akashindwa kujizuia, akacheka. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

"Mmenitegea," Abeid akasema. "Mmenifanya mjinga mbele ya watu."

Nikaapa hapana. Safia naye akaapa, akanyanyua kichupa, akaanza kumweleza baba yake mkubwa habari za mashine na vilima. Maskini, nani anasikia? Abeid akatoka.

Mume wangu alibaki ameunyosha mkono. Kisha akauangusha, akaniambia polepole, "Habiba, mkimbilie kaka. Mwambie nimekufa."

"Mzee, unasema nini?"

"Mwambie nimekufa. Atarudi."

Nikatoka. Abeid alikuwa anavaa viatu mlangoni, pembeni ya majamvi, na hakuna aliyethubutu kumtazama. Niliona aibu, lakini nimetumwa, nifanyeje? Nikasema vilevile nilivyoambiwa, na wote wanasikia. "Shemeji, ndugu yako anasema nikwambie amekufa. Anasema ukisikia hivyo utarudi."

Abeid akakaa pale kizingitini, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, na mtu mzima yule akalia kwa sauti mbele ya watu wale wale waliokuja kumlilia ndugu yake.