Tundu Lenye Plasta

Shemeji yangu alinakili faili moja kubwa kwenye flashi kama mtu anayejaza nyimbo za sherehe, akaichomeka kwenye kompyuta ya marehemu baba, akakunja mikono kusubiri miujiza. Kioo kilibaki cheusi. Maandishi madogo meupe yakasema hakuna kifaa cha kuwashia.

"Flashi mbovu hii," akasema.

"Mbovu flashi au mwenye flashi?" nikamuuliza.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Saa nane kamili kamati ya mtaa ingekaa kuamua mpaka kati yetu na seremala, jirani wa ukuta kwa ukuta, na ramani ya kiwanja chetu ilikuwa mle ndani ya kompyuta na si kwingine popote. Nakala ya karatasi ililiwa na mchwa. Ofisi ya ardhi walituambia jalada halionekani, njooni wiki ijayo, na hiyo wiki ijayo sasa inakaribia mwaka. Baba alikuwa mpima ardhi. Ramani aliichora mwenyewe, akafa mwaka juzi, na juma lililopita tulipothubutu kuiwasha kompyuta yake kwa mara ya kwanza tangu afe, nayo ikagoma. Bila ramani, jiko la mama lingevunjwa, maana seremala anadai limejengwa juu ya ardhi yake.

Mpango ulikuwa wangu, na ulikuwa mzuri. Mfumo wa kompyuta ukifa, unaiwasha kwa mfumo mwingine uliomo kwenye flashi, ule wa bure uitwao Linux, kisha unaingia kwenye diski na kuchukua vitu vyako. Kosa langu lilikuwa kumwachia kazi mume wa mdogo wangu, tunayemwita Injinia kwa sababu siku moja aliwahi kuchomoa karatasi iliyokwama kwenye printa.

"Injinia, mfumo haunakiliwi hivi hivi. Unaandikwa kwenye flashi kwa programu yake maalumu, ndipo flashi iweze kuwasha mashine. Wewe umeweka mbegu kabatini, unangoja mavuno!"

"Shemeji, usinifokee. Mimi si mwanafunzi wako."

"Ungekuwa mwanafunzi wangu ungekuwa umesimama nje saa hizi."

Nafundisha hesabu, na hasira zangu zinajulikana shule nzima. Nilifungua kompyuta yangu mwenyewe nikaiandika flashi upya, robo saa nzima ya kutazama mstari wa kijani ukijikokota. Mama alikuwa ameketi kwenye kitanda cha baba nyuma yetu, akikunja nguo ambazo zilishakunjwa.

"Mwizi yule," alisema. "Hata jeneza la baba yenu alilichonga bure ili atuingie. Dunia hii hakuna cha bure."

Nilimwitikia. Jana yake tu nilikuwa nimesimama mlangoni kwa seremala nikamwita mwizi mbele ya wateja wake wawili, naye akaendelea kupiga randa. Tangu aanze madai yake, mwaka wa pili sasa, nilikuwa simwamkii. Niliona anastahili.

Nikaichomeka flashi tena kwenye kompyuta ya baba. Kimya. Nikaingia kwenye mipangilio ya mashine, nikazima ule ulinzi unaokataa mifumo ya kigeni, nikaiamuru itazame flashi kwanza kabla ya diski. Nikawasha. Taa ya flashi ikapepesa mara moja, ikazimika. Nikarudia. Ikapepesa, ikazimika. Ilishapita saa tano.

"Ukiishikilia kwa juu, hivi, inawaka," Injinia akasema, kidole kikiwa kimeikandamiza flashi. Ikawaka. Ikafa. "Si nilisema mbovu?"

Nikamnyang'anya, nikaichomeka kwenye kompyuta yangu. Ndani ya dakika moja mfumo wote ulifunguka, mzima kabisa. Basi flashi haikuwa na kosa. Ugonjwa ulikuwa kwenye tundu la kompyuta ya baba, limelegea kama jino la mtoto.

"Basi tena," Injinia akasema. "Hatuna tundu jingine."

"Tunalo," nikasema.

Akatazama pembeni. Upande wa kulia wa kompyuta palikuwa na tundu la pili, limezibwa kwa plasta ya kidonda, na juu yake baba aliandika kwa kalamu: ISIGUSWE. Alilitunza kwa ajili ya ufunguo wa programu yake ya ramani, kijiti kidogo alichokichomeka mwenyewe na kukichomoa mwenyewe. Nyumbani kwetu baba akisema, limekwisha. Aliposema kiti fulani hakikaliwi, hakikukaliwa. Aliposema ukuta umesimama mpakani, ulisimama mpakani. Asubuhi nzima watu wazima watatu, mmoja wao na shahada yake, tulikuwa tunapigana na tundu bovu huku zima likitutazama, na hakuna aliyethubutu hata kulitaja!

"Baba yenu alikataza," mama akasema.

"Baba amekufa, mama!"

Nilimkasirikia mama, nikamkasirikia Injinia, nikamkasirikia marehemu, na zaidi ya wote nilijikasirikia mimi. Nikaingiza ukucha chini ya plasta nikaibandua. Nikachomeka flashi. Taa ikawaka, ikatulia.

Mfumo ukafunguka. Diski ikafunguka. Ndani yake ilikuwamo folda yenye jina NYUMBANI, na ndani ya folda, ramani. Injinia alipiga makofi. Niliikuza mpaka ikajaa kioo chote.

Vigingi vilipangwa kwa namba, kila umbali umeandikwa. Mpaka ulikuwa mstari mweusi. Upande wa pili wa mpaka, ndani ya kiwanja cha seremala, palikuwa na mstari mwekundu wa nukta nukta, na maneno: ukuta uliojengwa. Kati ya mistari hiyo miwili: mita 2.80. Jiko la mama lilikuwa ndani ya hizo mita. Baba alilichora pamoja na mlango wake.

Nilisoma mara tatu. Baba hakuwahi kuandika kipimo cha uongo maishani mwake. Uongo aliusema kwa mdomo tu.

"Ndivyo jirani alivyosema," Injinia akanong'ona. "Mita tatu kasoro."

"Nyamaza."

Mama akaja akasimama nyuma yangu. Hajui kompyuta, lakini ukikaa na mpima ardhi miaka arobaini utajua kusoma ramani. Alilitazama jiko lake. Hakushangaa, na hilo ndilo lililonichoma.

"Ulijua?"

"Rudisha plasta," akasema.

"Mama, ulijua?"

"Rudisha plasta, mwanangu. Tutasema kompyuta imekataa. Si imekataa tangu asubuhi? Injinia ni shahidi."

Injinia akainuka, akaenda kusimama mlangoni.

"Umeniacha nimtukane mtu mzima mbele za watu," nilisema. "Mtu aliyemchongea baba jeneza."

"Kwani nilikutuma?"

"Hukunizuia!"

"Na jiko langu je?"

"Jiko litahama."

Nikatoa simu, nikaipiga picha ramani yote, kisha nikazipiga picha zile mita peke yake. Mama aliiokota plasta sakafuni, akaketi kitandani, akawa anainyoosha juu ya goti kwa kidole gumba. Ilikuwa imeshaingia vumbi, haishiki tena.

Saa nane kasoro dakika tano nilifika kwenye ofisi ya mtaa. Seremala alikuwa ameshaketi kwenye benchi, vumbi la mbao bado limo kwenye nyusi zake. Aliponiona alisogea mpaka mwisho wa benchi, sijui kunipisha au kunikwepa. Hasira ilikuwa bado imenijaa kifuani, ila haikuwa na pa kwenda tena.

"Shikamoo, baba," nikasema.

Alinitazama kwanza, kisha akatazama mlango nyuma yangu, kama anayetafuta mtu niliyekuwa namwamkia.

"Marahaba," akasema. "Ramani mmeipata?"

Nikampa simu aione mwenyewe.